Kuchagua sakafu ya lamineti kwa nyumba au biashara: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wengi wanaouliza kuhusu lamineti huanza na rangi. Naelewa, maana rangi ndiyo utakayoiona kila ukiamka. Ila sakafu nyingi za lamineti zinazoharibika mapema haziharibiwi na miguu ya watu. Zinaharibiwa na maji yaliyopenya kwenye maungio, au na hali ya sakafu ya chini kabla hazijatandikwa. Ndiyo maana majibu mengi hapa yanazungumzia maji, unyevu na nafasi za ukutani, na rangi imesubiri hadi karibu na mwisho.

Lamineti ni mbao, ni plastiki, au ni kitu gani hasa?

Chukua kipande kimoja ukitazame ubavuni, pale kilipokatwa. Sehemu kubwa ya unene unaouona, ile ya kahawia isiyo na mishipa, ndiyo kiini chake: nyuzi za mti zilizosagwa, zikachanganywa na gundi na kushindiliwa hadi zikawa ngumu sana. Viwandani kiini hicho huitwa HDF. Juu yake kuna karatasi iliyochapwa picha ya mti au jiwe. Juu ya karatasi kuna tabaka jembamba, angavu, la melamini iliyochanganywa na chembe za oksidi ya alumini, madini magumu ambayo hutumika pia kutengenezea msasa. Chini kabisa kuna tabaka la kusawazisha, linalozuia kipande kisijikunje.

Kwa hiyo mti umo ndani, lakini mishipa unayoiona juu ni picha. Hilo lina maana kubwa: sakafu ya mbao halisi ikichakaa unaipiga msasa na kuipaka vanishi upya, lakini lamineti huwezi. Picha ikishaondoka, kipande kimekwisha.

Sakafu hii ilibuniwa na kampuni ya Perstorp ya Uswidi mwaka 1977, ikaingia sokoni Ulaya mwaka 1984 kwa jina la Pergo. Miaka ile vipande viliunganishwa kwa gundi. Mfumo wa kufungana kwa kubana bila gundi, ambao leo karibu kila mtu anaujua, ulikuja katikati ya miaka ya 1990 kutoka kampuni za Välinge ya Uswidi na Unilin ya Ubelgiji.

Kwenye boksi nimeona AC3, nyingine AC4 na AC5. Zina maana gani, na nichague ipi?

Hilo ndilo swali ningependa kila mnunuzi aulize kabla ya mengine yote.

Herufi AC na namba yake zinaonyesha uso wa kipande unastahimili kusuguliwa kwa kiasi gani. Maabara huweka kipande kwenye mashine yenye magurudumu yaliyovishwa msasa, kikazungushwa hadi picha ianze kufutika, na mizunguko ikahesabiwa. Kiwango cha Ulaya kinachosimamia jambo hili ni EN 13329. Kwa mfano, AC4 hutakiwa kufikisha mizunguko 4,000, na AC5 mizunguko 6,000.

Karibu na hiyo AC utakuta namba nyingine yenye tarakimu mbili, mara nyingi na mchoro mdogo wa nyumba au jengo. Usiipuuze. Hilo ni daraja la matumizi. Tarakimu ya kwanza ikiwa 2, ni ya nyumbani. Ikiwa 3, ni ya biashara. Ya pili inaeleza ukubwa wa matumizi: 1 ni madogo, 2 ya wastani, 3 makubwa. Hivyo daraja la 23 ni nyumba yenye pilika nyingi, na 32 ni sehemu ya biashara yenye watu wa kiasi.

Kwa nini nalitilia uzito daraja hilo? Kwa sababu AC inapima msuguano peke yake. Ili kipande kipewe daraja la matumizi, lazima kifaulu pia vipimo vya kugongwa, madoa, unyevu na magurudumu ya viti. Muuzaji akikuambia "hii ni AC5" halafu hawezi kukuonyesha daraja la 33 kwenye boksi, endelea kuuliza.

Ushauri wangu ni huu. Chumba cha kulala, AC3 inatosha kabisa na hakuna haja ya kulipia zaidi. Sebule, ukumbi, ngazi na vyumba vya watoto, chukua AC4. Ofisi ndogo, AC4 pia. Duka, mapokezi, au popote wageni wanapoingia na viatu vya barabarani siku nzima, AC5. AC1 na AC2 sizishauri hata kwa chumba cha wageni, kwa sababu kazi ya kutandika ni ileile na utairudia mapema.

Unene wa milimita 12 si ndio bora kuliko 8?

Si lazima. Tabaka linalostahimili kuchakaa liko juu, na halina uhusiano na unene wa kiini. Kipande cha milimita 8 chenye AC4 kitadumu kwenye korido kuliko cha milimita 12 chenye AC3.

Unene una faida zake: kipande kinene hakinesi, hakitoi sana ile sauti ya uwazi unapokanyaga, na maungio yake huwa na nyama zaidi. Lakini pima milango kwanza. Milimita 12 za lamineti na 2 za sponji linalotandikwa chini yake ni milimita 14 zinazoinua sakafu, na mlango ambao leo unapita vizuri unaweza kugoma. Kwa nyumba nyingi milimita 8 hadi 10 ni chaguo zuri. Chini ya 7 maungio huwa dhaifu.

Naweza kuiweka jikoni? Na bafuni je?

Jikoni, ndiyo, kwa uangalifu. Bafu lenye bomba la mvua, hapana.

Sababu ni kile kiini. Uso wa melamini haupitishi maji, kwa hiyo tone lililoanguka katikati ya kipande litakaa hapo bila madhara hadi ulifute. Hatari iko kwenye maungio. Maji yakipata mwanya yanaingia kwenye nyuzi, nyuzi zinavimba, na zikishavimba hazirudi zilivyokuwa hata pakikauka. Pitisha kiganja juu ya sakafu iliyowahi kuloa: utahisi kingo za vipande viwili zimeinuka kama midomo. Baada ya hapo kila kiatu kinagonga zile kingo, melamini inabanduka, na mstari mweupeupe unaanza kuonekana.

Siku hizi zipo lamineti zinazouzwa kama zinazostahimili maji. Kingo zake hupakwa nta na maungio hubana zaidi, na watengenezaji hutaja muda, mara nyingi saa 24 na kuendelea, ambao maji yanaweza kukaa juu bila kuleta madhara. Ni maendeleo ya kweli, na jikoni ningechukua hizo. Ila soma masharti: ahadi hiyo inahusu maji yaliyomwagika juu. Haihusu bomba lililopasuka chini ya sinki wala maji yanayopanda kutoka kwenye zege.

Liko pia suala la mazoea ya nyumba. Kama mnadeki kwa kumwaga maji sakafuni na kuyasukuma nje kwa ufagio, basi msinunue lamineti. Nasema hivyo waziwazi kwa sababu tabia ya usafi ya nyumba nzima haibadiliki kwa ajili ya sakafu. Chukueni vigae, au vinaili (sakafu ya plastiki) yenye kiini cha mawe, mdeki mpendavyo.

Chini kuna vigae tayari. Lazima niving'oe?

Mara nyingi hapana. Kama vimeshika vizuri, vimenyooka na hakuna kinachocheza, lamineti inatandikwa juu yake. Mistari ya kati ya vigae iliyo mipana au mirefu kwenda chini ijazwe kwanza. Gonga kigae kimoja kimoja kwa mpini wa nyundo. Kinachotoa sauti ya uwazi kimeachia, kirekebishwe. Zulia, kwa upande mwingine, ling'olewe lote. Ni laini mno, na maungio ya lamineti hayataki kitu laini chini yake.

Sakafu yangu ya chini haijanyooka sana. Sponji si litaficha?

Halitaficha. Watengenezaji wengi wanaruhusu tofauti isiyozidi milimita 3 kwa kila mita 2. Chukua ubao ulionyooka wa mita 2, ulaze sakafuni pande mbalimbali, na uangalie mwanga unaopita chini yake. Penye bonde, jaza kwa mchanganyiko wa kusawazisha. Penye kilima, saga.

Bonde lisiporekebishwa, kipande kinabaki hewani. Kila ukikanyaga kinashuka na kupanda, na ule ulimi mwembamba unaokishikilia kwa jirani yake unapinda kidogo. Unapinda leo, kesho na keshokutwa, kisha unakatika. Ukisikia sakafu mpya inalia sehemu ileile kila ukipita, hilo ndilo linaloendelea.

Sponji lenyewe liwe tabaka moja tu, la milimita 2 hadi 3, na liwe gumu kiasi. Watu huweka mawili wakidhani wanaongeza starehe, kumbe wanatengeneza bonde nyumba nzima. Na kama vipande vyako vimekuja na sponji limebandikwa chini, usiongeze lingine.

Nyumba ni mpya. Zege linahitaji kukaa muda gani?

Watu wengi huambiwa siku 28. Hizo ni siku za zege kupata nguvu yake. Kukauka ni jambo jingine na huchukua muda mrefu zaidi. Makadirio ya mafundi kwa tabaka la saruji ni kama wiki moja kwa kila sentimita kwa sentimita nne za kwanza, na muda zaidi kwa kila sentimita inayofuata, tena kama hewa inapita vizuri.

Njia ya uhakika ni kupima. Kwa kipimo cha kabidi, kifaa cha mafundi cha kupima unyevu wa saruji, saruji isizidi unyevu wa asilimia 2. Kama huna kifaa hicho, bandika sakafuni kipande cha nailoni cha mita moja kwa mita moja, uzibe kingo zote kwa gundi ya karatasi, na ukiache siku mbili hadi tatu. Ukikuta matone kwa ndani, au zege lililo chini yake limekuwa jeusi kuliko la pembeni, bado. Njia hii inaweza kukuambia "bado" lakini haiwezi kukuhakikishia kwamba tayari, kwa hiyo kwenye jengo la biashara lipia kipimo halisi.

Hata zege likiwa kavu, tandika nailoni ya milimita 0.2 kabla ya sponji, karatasi zipishane kwa sentimita 20 na kufungwa kwa gundi. Zege lililokaa moja kwa moja juu ya ardhi litaendelea kuvuta unyevu miaka yote.

Kwa nini fundi ameacha nafasi kati ya sakafu na ukuta? Inaonekana kama hajui kupima.

Anajua, na mshukuru. Lamineti haishikizwi chini kwa gundi wala misumari. Imelala tu, na hutanuka hewa ikiwa na unyevu na kusinyaa ikikauka. Nafasi ya milimita 8 hadi 10 kila upande, kuzunguka mabomba na fremu za milango pia, ndiyo inayoipa pumzi. Skatingi, ule ubao mwembamba wa chini ya ukuta, huja kuifunika, na skatingi hiyo ipigiliwe ukutani, kamwe isipigiliwe kwenye sakafu.

Sakafu isiyo na nafasi hiyo husukuma ukuta hadi ikose pa kwenda, kisha hubenuka katikati ya chumba. Mwenye nyumba huita fundi akidhani vipande vilikuwa vibovu, na mara nyingi dawa ni kutoa skatingi na kukata kingo tu.

Kwa sababu hiyohiyo, usifunge makabati ya jikoni juu ya lamineti. Uzito wake na skrubu zake huibana sakafu upande mmoja. Weka makabati kwanza, kisha tandika hadi miguuni mwake. Na chumba kikizidi mita 8 hadi 10 kwenda upande mmoja, maelekezo mengi hudai sakafu igawanywe kwa ukanda wa kutanukia. Kwenye milango ukanda huo uwekwe hata kama unapenda mstari mmoja usiokatika nyumba nzima.

Halafu kuna saa 48 za kabla ya kazi: maboksi yalazwe bapa, bila kufunguliwa, ndani ya chumba kitakachotandikwa, ili vipande vizoee hali ya hewa ya humo. Fundi mwenye haraka atataka kuliruka hili. Usimruhusu.

Nina duka. Kuna jambo la ziada ninalopaswa kujua?

Kuna kadhaa. La kwanza ni dhamana. Dhamana ya miaka 20 au 25 iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwa kawaida ni ya nyumbani. Ukiiweka dukani inafupishwa sana au inakufa. Tafuta mstari unaotaja matumizi ya biashara, na usome umeandikwa nini.

La pili ni mchanga. Punje za mchanga zinazoingia na viatu ndizo zinazochuna melamini, kuliko uzito wa watu. Zulia la mlangoni lenye urefu wa hatua mbili tatu, linalokung'utwa kila siku, linaongeza maisha ya sakafu kuliko kupanda kutoka AC4 kwenda AC5. Fanya yote mawili ukiweza.

Viti vya ofisi viwe na magurudumu laini, yale ya aina ya W yaliyotengenezwa kwa ajili ya sakafu ngumu, au viwekewe mkeka chini. Jiko la mgahawa na sehemu ya saluni ya kuoshea nywele, usiweke lamineti. Sehemu ya kukaa wateja haina shida.

Faida moja ambayo wenye biashara huifurahia: hakuna gundi ya kusubiri ikauke. Sakafu ikimalizika kutandikwa usiku, asubuhi unafungua.

Harufu ya sakafu mpya ni salama?

Gundi ya kiini huweza kutoa gesi ya formaldehaidi. IARC, taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani, iliiweka gesi hiyo kwenye kundi la visababishi vya saratani mwaka 2004, kwa hiyo swali ni la msingi. Tafuta alama ya E1, inayoweka kikomo cha miligramu 0.124 kwa kila mita ya ujazo ya hewa. Pua yako si kipimo: sakafu isiyonuka inaweza kuwa imezidi, na inayonuka ikawa ndani ya kiwango. Boksi lisilo na alama yoyote liache dukani, hasa kwa chumba cha mtoto. Baada ya kutandika, fungua madirisha kwa wiki za mwanzo. Utoaji wa gesi hupungua kadiri muda unavyokwenda.

Rangi gani inadumu?

Zote hudumu sawa, lakini hazionyeshi uchafu sawa. Rangi nyeusi sana, hasa inayong'aa, huonyesha vumbi, alama za nyayo na kila mkwaruzo. Rangi za kati zenye mishipa mingi huficha. Uso usiong'aa na wenye mabonde madogo hufanana na mti zaidi na huonyesha mikwaruzo kidogo.

Usichague kwa sampuli ya ukubwa wa kiganja. Omba vipande vizima, vipange sakafuni, na uvitazame asubuhi kwa mwanga wa dirisha na usiku kwa taa. Pia uliza picha inajirudia baada ya vipande vingapi. Zile za bei ya chini hurudia haraka, na jicho likishaona jicho lilelile la mti mara nne sebuleni haliwezi tena kuacha kuliona. Fundi achanganye maboksi matatu au manne anapotandika.

Nitaagiza kiasi gani?

Zidisha urefu kwa upana, ongeza asilimia 10 za mapande yatakayokatwa, kisha gawa kwa eneo la boksi. Chumba cha mita 4.2 kwa 3.6 ni mita za mraba 15.12. Ukiongeza asilimia 10 ni 16.63. Boksi likiwa la mita 2.2, unahitaji maboksi 8. Ukitaka vipande vilazwe kimshazari, ongeza hadi asilimia 15. Hakikisha namba ya toleo ni moja kwenye maboksi yote, maana rangi hutofautiana kidogo kutoka toleo hadi toleo.

Naisafishaje?

Fagia kwa ufagio laini, kisha futa kwa kitambaa kilichokamuliwa vizuri, ambacho alama yake sakafuni hukauka ndani ya dakika moja hivi. Mashine ya mvuke usitumie kabisa, hata kama tangazo lake linasema inafaa. Mvuke hupenya maungio kuliko maji. Nta na vanishi hazina kazi hapa, hubaki juu kama utando. Sabuni nyingi huacha ukungu ambao watu hudhani ni sakafu kuchakaa. Miguu ya meza na viti ivishwe vitambaa vizito, vibadilishwe vikijaa mchanga. Na chungu cha maua kisikae moja kwa moja sakafuni.

Kipande kimoja kimeharibika katikati ya chumba. Sakafu nzima inafumuliwa?

Kama kiko karibu na ukuta, fundi hutoa skatingi, hufungua mistari hadi kukifikia, hubadilisha na kurudisha. Kikiwa katikati, hukatwa kwa msumeno wa mkono wa mviringo kikiwa palepale, hutolewa kwa ndani, na kipya hupunguzwa ulimi na kushikizwa kwa gundi kwa majirani zake. Shimo dogo la kitu kilichoanguka hujazwa kwa nta ngumu ya rangi inayofanana. Ukiona uvimbe badala ya mkwaruzo, tafuta kwanza maji yametoka wapi, kwa kuwa kipande kipya kitavimba vilevile.

Tatizo kubwa kwa kawaida ni kupata kipande kinachofanana, kwani miundo huondolewa sokoni na mifumo ya kufungana ya kampuni tofauti haiingiliani. Ndiyo maana boksi moja la ziada linanunuliwa siku ileile ya kwanza na kuhifadhiwa likiwa limelala bapa, ndani ya nyumba, mahali pakavu.